Desemba Isiyo na Mwenyeji

Katika miaka yote ya ndoa yangu sikuwahi kuulizwa ninataka kwenda wapi likizo. Shule zikifungwa nilifunika cherehani yangu kwa kitambaa, nikafunga mabegi, nikajua safari ni ileile: kwa mama mkwe, Majita, kando ya ziwa. Asubuhi tunapanda basi la Musoma hapa Mwanza, tunashuka Bunda, tunaunga na gari jingine la vumbi, na alasiri tunamkuta mama amesimama mlangoni na kikombe cha maji.

Habari ya maji niieleze mapema, maana ndiyo kiini cha haya yote. Kwa mama mkwe hakuna aliyevuka kizingiti na mzigo kabla ya kunywa. Mabegi yaliwekwa chini uani, tukapanga mstari, mwanawe mbele, mimi nyuma yake, kisha watoto kwa umri. Alikuwa na kikombe cha bati cheupe chenye ukingo wa buluu. Alichota mtungini, akatoka, akampa kila mmoja kwa zamu na kumuuliza, "Umefika?" Nawe unamjibu, "Nimefika." Anakuona umesimama mbele yake na vumbi lako kichwani, lakini anataka useme. Mtoto mchanga, mama yake alijibu kwa niaba yake. Mwaka wangu wa kwanza nilicheka, nikadhani ni mzaha, na yule mama akanitazama bila kupepesa mpaka nikajibu.

Alifariki masika yaliyopita. Tukamzika uani, upande wa nyumba unaotazama maji. Siku ile tuliingia moja kwa moja na mabegi yetu katikati ya vilio, na hakuna aliyekumbuka kikombe.

Ndipo Desemba ikaja, na binti yangu mkubwa, aliyekuwa anamaliza kidato cha pili, akaweka kijiko chini wakati wa chakula na kuuliza, "Sasa mwaka huu tunaenda wapi?"

Swali hilo lilikuwa geni nyumbani kwetu. Mume wangu aliendelea kutafuna. Mimi, nitasema wazi, nilifurahi.

Nina sababu zangu. Mimi ni fundi cherehani pale Buhongwa, na Desemba ndiyo mavuno ya fundi cherehani. Kila mtu anataka gauni la Krismasi, na kabla hajalivaa anataka sare za Januari. Mwezi huohuo ndio niliokuwa nikifunga duka na kwenda kuinamia jiko la kuni la watu. Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi jembe nililikuta limeegemezwa ukutani siku ya kwanza. Na juu ya hayo kulikuwa na ugali. Mimi ni Msukuma wa Misungwi, nimekua na ugali wa mahindi, na ule wa muhogo haukuwahi kunitii. Mwaka baada ya mwaka niliusonga, ukatoka laini, na mama mkwe akaula wote bila kusema neno. Angenigombeza ningepona. Kile kimya chake nilirudi nacho Mwanza kila Januari.

Kwa hiyo swali la binti yangu lilinifungulia mlango. Lakini kulikuwa na jambo jingine juu ya meza ile, nalo halikusemwa mbele ya watoto. Shemeji yangu mkubwa aliyeko Dar alikuwa amepiga simu. Mfanyabiashara mmoja wa dagaa alikuwa anakitaka kiwanja cha mama. Angebomoa nyumba, achukue mabati, afanye uwanja wa kuanikia. Shemeji alitaka jibu kabla ya mwaka kuisha. Nilimsikia kwenye spika akisema, "Mdogo wangu, nyumba isiyo na mwenyeji si nyumba, ni mabati tu. Sisi tuko huku, ninyi mko huko, nani atakaa pale?" Mume wangu alijibu, "Nitakwambia, kaka." Kisha akanigeukia.

"Unaonaje, mama?"

"Uzeni," nikasema.

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa dawa yake imekwisha. Kisha akatoka kwenda kazini. Yeye ni fundi wa mafriji, na watu hawasubiri.

Basi tukaanza kuchagua. Sikujua kwamba kuchagua ni kazi. Mkubwa alitaja Zanzibar, tukacheka wote, naye pia akacheka kwa sababu si mtoto mjinga. Wa kati, mvulana wa darasa la tano, alitaka simba. Wa mwisho, wa miaka sita, alitaka kitanda kikubwa na mahali wanapoleta chai. Mimi nilikuwa nimeushika mfuko, nikijua Januari ina ada na ada haina huruma.

Saanane? Kisiwa tunakiona tukienda mjini. Unakwenda asubuhi, jioni umelala kwako, na hayo ni matembezi ya Jumapili. Makumbusho ya Bujora mvulana alishapelekwa na shule. Daraja jipya la Kigongo tulishalipita, na lilikuwa bure, kwa hiyo mvulana akashauri tulipite tena kwa miguu, kwenda na kurudi, tuhesabu ni siku mbili. Kwetu Misungwi ni karibu mno. Mama yangu akichuma mlenda asubuhi, mchana mimi nimeshaupika. Kisiwa cha Ukerewe kilikaa mezani jioni nzima. Mume wangu akauliza, "Kule tuna nani?"

"Baba," binti akasema, "likizo ni kwenda mahali ambapo huna mtu."

Mume wangu alimtazama kwa muda, si kwa hasira. Jirani yangu wa dukani naye, nilipomwambia tunasafiri lakini si ukweni, aliuliza vilevile: "Mnakwenda kwa nani?" Nikamwambia hatuendi kwa mtu, tutalipia kitanda. Akacheka, kisha akanihurumia. Kwa akili yake nimefiwa na mkwe na sasa nimekosa pa kulala.

Mwishowe aliyechagua ni mume wangu. Siku moja alirudi kazini, akavua viatu, akasema, "Lamadi." Akaeleza kama mtu aliyekwisha kupiga hesabu zake kwenye friji la mteja: gesti za bei ya chini ziko karibu na ziwa, geti la Ndabaka liko palepale, watu wanachangishana gari moja na kuingia mbugani nusu siku. Simba wa mvulana wapo. Chai inaletwa. Watoto wakashangilia, na mimi nikakubali kabla hajamaliza kusema.

Ni siku ya kupanga nguo ndipo nilipotambua kwamba Lamadi iko kwenye barabara ileile. Basi lilelile la Musoma, na Bunda iko mbele kidogo tu. Nikamwambia.

"Ndipo bei yetu inapofikia," alinijibu, na akaendelea kukunja suruali yake.

Tukapandia basi stendi ya Nyamhongolo. Watoto walikuwa wamevaa nguo nilizowashonea, na mimi nilikuwa na furaha ya mtu anayesafiri bila jembe mbele yake. Magu ikapita, ziwa likajitokeza na kujificha upande wa kushoto kama kawaida yake. Mume wangu alikaa dirishani. Kwa desturi yeye husinzia kabla hatujafika Kisesa, lakini siku ile hakusinzia.

Gesti ilikuwa safi. Kulikuwa na ua uliofagiliwa, chandarua kisicho na matobo, na mapokezi dada mwenye tabasamu la kazi.

"Karibuni. Kesho mnaendelea wapi?"

"Hatuendelei," binti yangu akasema kwa majivuno. "Tumekuja hapahapa. Likizo."

Dada yule akatutazama, baba, mama na watoto watatu, hakuna harusi, hakuna msiba. Akatukabidhi funguo na visabuni vidogo. Tukaingia vyumbani, nikatua mabegi, nikahesabu watoto na kukuta wawili. Wa mwisho alikuwa bado nje, amesimama mbele ya kizingiti, begi lake dogo limewekwa chini kati ya miguu.

"Ingia basi, unasubiri nini?"

"Hatujanywa maji," akasema.

Nilimshika mkono nikamvuta ndani. Nilimvuta kwa nguvu kuliko ilivyostahili, na mume wangu aliona. Alikwenda kwenye dirisha akalifungua, akalifunga, akalifungua tena, akasema bawaba inataka mafuta.

Sitaki kusema uongo: ilikuwa likizo nzuri. Kesho yake tuliingia mbugani na familia nyingine mbili, tumebanana, na tukaona pundamilia, twiga, nyani waliotaka ndizi zetu, na simba mmoja amelala mbali kwenye kivuli, sikio tu likionekana. Mvulana aliridhika na sikio lile. Mpaka leo analisimulia, na kila mwezi sikio linazidi kusogea. Jioni tulikaa karibu na maji tukala sato wa kukaanga aliyepikwa na mtu mwingine, kwenye sahani ambazo sikuziosha. Nilinyoosha miguu. Nikajiambia, hii ndiyo starehe wanayoisema. Na bado kitu hakikukaa sawa, nikawa na hasira, na sikujua ninamkasirikia nani.

Upepo ulipoanza kuvuma, wa mwisho akaona baridi, nikaingia chumbani kumtafutia sweta. Nikafungua begi kubwa, lile la chini, nikaingiza mkono, na mkono ukagusa sukari.

Niliitoa. Mfuko wa sukari, ule mkubwa. Chini yake mche wa sabuni. Majani ya chai, chumvi, viberiti pakiti nzima. Vyote vimepangwa kama ninavyovipanga kila mwaka, sabuni mbali na majani ya chai ili yasinuke. Gauni la mama mkwe la kila Krismasi sikulishona, hilo nililikumbuka, na wakati wa kukata vitambaa vya Krismasi nilipita juu ya kipimo chake kama mtu anayeruka shimo. Lakini sukari mikono yangu ilinunua yenyewe, ikafunga yenyewe. Mkono mtupu haulambwi, ndivyo tulivyolelewa, na mikono yangu haikuwa imeambiwa kwamba anayepelekewa hayupo.

Nikakaa kitandani na mfuko mapajani. Mume wangu aliingia kuona nimechelewa na sweta. Alitazama sukari, akanitazama mimi. Nilidhani atacheka, au atasema kitu cha kunichoma, na nilikuwa tayari kumjibu. Badala yake alivuta begi lake, akafungua zipu ya pembeni, akatoa betri nne kubwa zilizofungwa kwenye gazeti. Betri za redio. Kila mwaka ni yeye aliyemletea mama yake betri za redio.

"Nilizinunua Buzuruga," alisema. "Nimefika nyumbani nazo ndipo nikakumbuka."

"Kwa nini hukuzitoa?"

"Wewe kwa nini hukuitoa?"

"Mimi sikujua ninayo."

"Basi mimi nilijua," akasema, na akakaa upande wa pili wa kitanda.

Nilimwonea huruma, na huruma ikanitia ukali. Nikasema hakuna la ajabu hapa, sukari ni sukari, nitampa yule dada wa mapokezi anywee chai. Akasema, "Mpe." Nikatoka nayo. Dada alikuwa anaandika kitu, akainua uso, akauliza, "Ya nini, mama?" Nikafungua mdomo. Ningemwambiaje? Kwamba ni ya mtu aliyekufa? Kwamba kwetu mzigo uliofungwa kwa ajili ya mzee haurudi ulikotoka, na hautolewi njiani kwa aliye karibu? Nikasema, "Nilikuwa naulizia maji ya moto," nikarudi nayo chumbani.

Mume wangu alikuwa hajasogea. Watoto walikuwa wanacheka huko nje.

"Bunda si mbali," nikasema.

Alikuwa anazirudishia betri gazeti lake.

"Nimesema Bunda si mbali. Asubuhi tunakwenda. Hii sukari siirudishi Buhongwa kuja kunitazama jikoni kwangu."

Tuliacha siku moja iliyokwisha kulipiwa. Mimi, niliyekuwa nimeushika mfuko, ndiye niliyeiacha. Wa mwisho alilia kwa ajili ya chai. Mkubwa alinuna mpaka Bunda, kisha tulipopanda gari la pili na kuanza kuona mawe na mihogo na maji kwa mbali, akaacha kununa na kuanza kuwaonyesha wenzake mti ambao chini yake mwaka fulani gari lilipasuka tairi.

Tulishuka alasiri. Uani nyasi zilikuwa zimeota mpaka kwenye magoti ya wa mwisho. Kaburi lilikuwa bado udongo, limedidimia upande mmoja kwa mvua, taji la maua ya plastiki limepauka. Mlango umefungwa kwa kufuli nililolinunua mimi siku tulipoondoka msibani.

Watoto waliweka mabegi chini. Hakuna aliyewaambia. Wakajipanga kwa umri, mkubwa, wa kati, wa mwisho, wakautazama mlango. Baba yao alikuwa mbele yao, ufunguo mkononi, na hakusogea. Nami nilijikuta nimesimama pale ninaposimama kila mwaka, nyuma yake. Tukasimama hivyo, watu watano, tunasubiri mtu atoke.

Ng'ambo ya ua wa minyaa jirani wa mama mkwe, bibi wa umri wake, alikuwa anapalilia. Akainuka.

"Mbona mmesimama nje kama wageni?"

"Shikamoo, bibi," tukasema.

"Marahaba. Nauriza, mbona hamuingii?"

Watoto hawakutoka kwenye mstari. Naye akatutazama vizuri, ule mstari, yale mabegi chini, akafahamu. Alishakunywa kutoka kikombe kile mara nyingi kuliko sisi. "Aa," akasema taratibu, akalaza jembe lake, akasimama na yeye.

Hasira yangu ndiyo iliyoniokoa. Nilikasirikia jua, nyasi, mfanyabiashara wa dagaa, mume wangu aliyegeuka gogo, na zaidi ya wote nilimkasirikia yule mama kwa kuondoka bila kumwonyesha mtu yeyote kazi yake. Nikatoka kwenye mstari, nikamnyang'anya mume wangu ufunguo, nikafungua kufuli.

Ndani kulinuka popo na vumbi. Kikombe kilikuwa kwenye msumari wake. Mtungi ulikuwa umekauka, na buibui yumo. Nikatokea mlango wa nyuma, na bibi jirani alikuwa ameshafika kwenye minyaa na ndoo, ananipitishia juu. Sikumwomba. Nikaosha kikombe, nikakisugua kwa majivu mpaka buluu ya ukingo ikaonekana, nikachota, nikapita ndani ya nyumba ile ya giza mpaka mlango wa mbele.

Pale kizingitini saruji imelika, mahali alipokuwa anaweka miguu. Nikaweka yangu. Kutoka pale nilituona kama alivyokuwa akituona: mtu mzima na watoto watatu, wamechoka, wanatazama mkono wako. Sikuwahi kujua kwamba ukiwa upande ule unaogopa.

Nikampa mume wangu kikombe.

"Umefika?" nikamuuliza. Sauti ilitoka kavu kuliko nilivyokusudia. Ilitoka kama yake.

Alikishika kwa mikono miwili. Nikamtazama bila kupepesa, kwa sababu nilikuwa nimefunzwa hivyo na mtu aliyejua.

"Nimefika," akasema. Akanywa, na machozi yakamtoka mbele ya watoto wake, yale ambayo hakuyatoa siku ya kuzika. Hakuyaficha, wala watoto hawakuangalia pembeni. Nikajaza tena. Mkubwa akajibu, wa kati akajibu, na wa mwisho akajibu kwa sauti kubwa kama anaitwa darasani. Bibi jirani naye alizunguka akaja mwisho wa mstari, nikampa, akajibu.

Nikageuka niingie. Mume wangu akaniita. Alikuwa amekichukua kikombe kwa bibi, na bado kilikuwa na maji kidogo. Akaninyooshea.

"Na wewe," akasema, "umefika?"

Miaka yote ile nilijibu upesi ili niingie niweke begi, nimalize. Sasa nilisimama na kikombe, nikaona nyasi zinazotaka kufyekwa, kaburi linalotaka kujengewa kabla ya masika, jembe palepale ukutani. Nikalijua jibu langu kabla sijalitoa, nikajua litanigharimu Desemba zangu zote.

"Nimefika," nikasema, nikanywa.

Jioni nilikuwa nimepiga magoti jikoni, moshi machoni. Redio ya mama ilikuwa inaimba kwa betri mpya, na sukari tulikuwa tumemgawia bibi jirani, iliyobaki iko kwenye chai yetu. Mume wangu alikuwa amesimama karibu na kaburi na simu sikioni. Upepo wa ziwa uliniletea maneno yake. Alisikiliza kwa muda mrefu, kisha akasema, "Hapana, kaka. Mwambie atafute pengine." Akasikiliza tena.

"Mwenyeji yupo," akasema. "Yuko jikoni."

Niliinamia sufuria nikaendelea kusonga. Ulikuwa ugali wa muhogo, na ulitoka laini kama siku zote. Waliula wote.